Sekunde Nne Kizimbani

Niliufungua mlango mapema. Nianze na hilo, kwa sababu kwa karibu mwaka mzima nilisema kinyume chake. Nilimwambia hivyo refa, nikamwambia msimamizi wa ligi, nikamwambia mzee mmoja wa Kikenya ambaye ndiye aliyenipa kazi ya mlango huo, na mbele ya mwanamke mmoja wa Houston nilikana hata kwamba nilikuwepo. Saa ilikuwa imebakiza sekunde nne. Niliziona. Nilikuwa nimevaa miwani, na miwani ilikuwa mipya.

Mlango wenyewe ni mfupi, unaishia kifuani, na uko katika uwanja wa barafu kaskazini mwa Dallas, ndani ya jengo ambalo ukilitazama kutoka barabarani ungedhani ni ghala la matairi. Humo vijana wa miaka kumi na saba hadi ishirini hucheza mpira wa magongo juu ya barafu. Wengi wanatoka majimbo ya baridi, wanaishi kwenye nyumba za watu wa hapa waliojitolea kuwapokea, na kila mmoja anaomba chuo kikuu fulani kimwone kabla umri wa ligi ya vijana haujamwisha. Mchezaji akimkwatua mwenzake au kumchapa gongo la mkono, refa humtoa akakae kizimbani dakika mbili, na kwa dakika hizo timu yake hucheza pungufu. Dakika zikiisha, lazima awepo mtu wa kumfungulia mlango arudi mchezoni. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nina shahada mbili, na makala zangu zimewahi kusomwa hata na watu wasio ndugu zangu, lakini sijawahi kupenda kazi kama nilivyoipenda ile.

Niliianza vuli ya 2017. Wakati huo niliishi Richardson, pembeni ya Dallas, ghorofa ya pili, na mchana nilikaa katika ofisi nikiandika vitabu vya maelekezo ya mashine ambazo sikuwahi kuziona. Binti yangu alikuwa ameondoka kwenda chuo, jimbo la mbali, na ujumbe wangu wa Kiswahili wenye aya tatu aliujibu kwa neno moja la Kiingereza. Baba yake alikuwa amerudi Dar es Salaam siku nyingi, kwa sababu ambazo sote wawili tulizieleza vizuri sana na hakuna aliyemwelewa mwenzake. Sikujiita mpweke. Nilijiita mtu anayependa utulivu. Ila nilikuwa nimeanza kununua vitu supamaketi kimoja kimoja, Ijumaa vitunguu, Jumamosi nyanya, ili kila siku niwe na safari.

Mzee nilikutana naye Arlington, kwenye matanga ya Wakenya. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa amefiwa na mama yake mdogo huko kwao, nami nikaenda kumpa pole. Nyumba ilijaa watu. Nikarudi nyuma kumpisha mtu aliyebeba sufuria, nikagonga kiti, nikakiambia samahani. Mtu akacheka nyuma yangu.

"Wewe ni wa Tanzania."

"Umejuaje, mzee?"

"Mkenya angekisukuma. Nyinyi mnaomba kiti msamaha." Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, amevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, na sahani yake ilikuwa ya nyama tupu. Akanisogezea kiti kile kile. "Ijumaa jioni unafanyanga nini, dada?"

"Nina shughuli zangu."

"Kama gani?"

Nikawaza vitunguu.

"Basi hauna," akasema. "Si uje unifungulie mlango."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, kama kujitolea bila malipo kunaweza kuitwa ajira. Mzee alikuwa fundi umeme mstaafu. Miaka mingi alikuwa akiitwa kwenye lile jengo kila ubao wa matokeo ulipoharibika, na aliutengeneza mara nyingi hivi kwamba ligi ya vijana ilipoanza kuutumia uwanja, walimweka tu kwenye kiti cha mtunza saa. Meza yake ilikuwa katikati, kizimba cha wageni kushoto, chetu cha wenyeji kulia. Kati yangu na yeye palikuwa na kioo chenye tundu la ukubwa wa sahani, na kwenye tundu hilo ndipo sauti yake ilipopitia.

Maelekezo aliyonipa siku ya kwanza yalikuwa mafupi kuliko yoyote niliyowahi kuandika mimi.

"Usifungue kwa macho. Macho yatakudanganya, utaanza kutazama mchezo. Fungua kwa masikio. Mimi nitahesabu, nikimaliza, unafungua."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwani umesahau Kiswahili?"

Basi alihesabu kwa Kiswahili. Tano, nne, tatu, mbili, moja, mwache aende. Misimu miwili hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya Ijumaa zangu. Kanuni nyingine, ambayo ilitoka kwa msimamizi, ilikataza kuzungumza na mchezaji aliyeadhibiwa, na hiyo iliyeyuka siku ya kwanza. Sijui watu wengine wamelelewaje, lakini mimi siwezi kukaa benchi moja na mtu dakika mbili, tena mtu mwenye shida, bila kusema neno. Kijana aliingia anahema, jasho linamtiririka chini ya ile kofia ngumu, meno ya mbele hana. Nikamwambia, "Pole." Akauliza ndiyo nini. Nikamweleza kwamba ni neno analoambiwa mtu aliyepatwa na jambo, hata kama amelitafuta mwenyewe. Akafikiri kidogo, akasema kwao hawana. Kufikia Krismasi vijana wote walikuwa wakiniambia mimi pole, kila kile kisahani cheusi cha mpira wanachokipiga kwa magongo kilipogonga kioo nikaruka.

Wakati wa mapumziko, lile trekta la kulainisha barafu likizunguka, mzee alifungua chupa yake ya chai. Alikuwa na chai ya maziwa, tangawizi hadi macho yanatoka maji. Tulibishana. Aliniambia Kiswahili cha Tanzania ni cha watu wasio na haraka, nikamwambia cha Kenya ni cha watu walioachwa na basi. Aliniuliza habari za binti yangu kwa namna ya kunifanya niseme ukweli, yaani aliuliza, kisha akaangalia pembeni. Kwake walikuwa wawili, yeye na mkewe, na mkewe alifanya kazi hospitali zamu za wikendi. "Ijumaa mimi pia sina mtu," aliniambia siku moja akifunga kifuniko cha chupa, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nilitamani kusema na mimi vilevile. Nikasema tangawizi imezidi.

Sasa niseme kuhusu jioni yenyewe. Ilikuwa Februari, msimu wangu wa pili, mechi ya mwisho nyumbani. Wageni walikuwa timu ya Houston. Kati yetu na wao kulikuwa na nafasi moja tu ya kuingia mchujo, na atakayeshinda ndiye wa kuichukua. Zilibaki dakika chache, mabao mawili kwa mawili, ndipo refa alipomtoa kijana wetu mmoja kwa kumkwatua mtu.

Nilimjua vizuri kijana huyo, kwa sababu alikuwa mtundu na kizimbani alikuwa mwenyeji. Alikuwa ametimiza miaka ishirini. Timu ikikosa mchujo, mechi hiyo ingekuwa ya mwisho kwake, na hakuna chuo kilichokuwa kimemwita. Aliingia, nikampa pole, hakujibu. Dakika ya kwanza alikaa akiangalia viatu vyake. Ya pili alisimama mlangoni. Wenzake walihimili. Nilimsikia mzee akianza kupitia tunduni: kumi. Kisha kimya, kisha tano.

Hapo kijana akagonga mlango kwa kitako cha gongo lake. Akagonga mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuwa ananigongea mimi, alikuwa anaugongea ulimwengu. Lakini mimi nimekulia nyumba ambayo mtu akipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa huondoka, na mama yangu aliona hiyo kuwa aibu isiyofutika. Tulifundishwa kuitika kabla ya ya tatu. Ukiwa unakaanga samaki, acha samaki waungue, itika. Mkono wangu haukuniuliza. Mzee alisema "nne," gongo likagusa mlango mara ya tatu, na komeo lilikuwa tayari limeshafunguka.

Alitoka kama jiwe. Mwenzake alimwona, akamsukumia kisahani, na mbele yake hapakuwa na mtu isipokuwa golikipa wa Houston. Tatu kwa mbili. Jengo lote lilipiga kelele, na mimi nilipiga pia, kwa sekunde moja hivi, kabla sijaona uso wa mzee nyuma ya kioo.

Kocha msaidizi wa Houston alikuwa na saa ya mkononi ya kupimia muda. Alimwita refa akamwonyesha: kijana alikuwa ametumikia dakika moja na sekunde hamsini na sita. Refa akateleza hadi kwangu. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu nyekundu.

"Mama, uliufungua lini?"

Nimewahi kujiambia kwamba niliogopa kwa ajili ya kijana. Si kweli, ingawa ni sababu nzuri. Niliogopa kwa ajili ya Ijumaa. Niliona wazi kabisa, kama mtu anayesoma tangazo ukutani, kwamba nikisema ukweli watatafuta mtu mwingine wa kukaa pale, na mimi nitarudi kwenye vitunguu.

"Saa iliposoma sifuri," nikasema.

Akamgeukia mzee. Mzee hakusema kitu. Alinitazama kupitia kile kioo, si kwa hasira, bali kwa namna ya mtu anayengoja uongeze neno. Kamera ya uwanjani ilikuwa ikifuata kisahani, haikupiga ubao. Kuhesabu kwake alikuwa amehesabu kwa sauti, lakini kwa Kiswahili, na katika jengo zima tulikuwa wawili tu tunaojua kwamba alikuwa amefikia nne. Ushahidi wote ulikuwa kwangu, na mimi ndiye niliyekuwa mshtakiwa.

Goli likakubaliwa.

Sikumtaja mtu. Hilo nalo nilijiambia mara nyingi. Lakini sentensi yangu ilikuwa na hesabu ndani yake: kama mlango ulifunguliwa saa ikisoma sifuri, na muda halisi ulikuwa umebakia sekunde nne, basi saa ndiyo iliyokosea, na saa ilikuwa na mwenyewe. Nje, kwenye maegesho, mzee alikuwa amesimama kando ya gari langu, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Dada, uliufungua saa ikiwa ngapi?"

"Sifuri, mzee."

Alitingisha kichwa polepole.

"Haya," akasema. Akaenda kwenye gari lake.

Wiki iliyofuata msimamizi alinipigia kuniambia kwamba wamezungumza na mzee na wameafikiana apumzike. Alikuwa mwema sana. Alisema umri una mambo yake, na kwamba labda ni macho, labda aliingiza muda vibaya kwenye mashine. Mzee yule alikuwa ameifungua mashine ile na kuifunga zaidi ya mara nilizofungua friji langu. "Ni jambo la kusikitisha," msimamizi akasema. Nikasema ni kweli, linasikitisha.

Vijana wetu waliingia mchujo, wakatolewa raundi ya kwanza, mechi mbili mfululizo. Yule wa miaka ishirini alirudi kwao. Sikusikia habari zake tena.

Msimu wa 2019 ulipoanza nilikuwa mlangoni, kama kawaida. Mtunza saa mpya alikuwa mwanafunzi wa chuo, mtoto mwenye adabu, ambaye hakuhesabu kwa mdomo. Aliinua mkono na kukunja kidole kimoja kimoja nyuma ya kioo. Wakati wa mapumziko alitazama simu. Nilianza kwenda na chupa yangu ya chai, nikamkaribisha, akasema hanywi kitu chenye maziwa. Nikanywa peke yangu, vikombe viwili, kwa sababu chupa ilikuwa ya watu wawili. Vijana wapya hawakujua neno la pole, nami sikuwafundisha. Nilifungua mlango kwa sekunde sahihi kila mara. Hakuna aliyewahi kufungua mlango kwa usahihi kama mimi msimu ule, na nilikuwa naendesha gari dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi ili kuzungumza na komeo.

Arlington niliacha kwenda. Nilialikwa harusi moja na ubarikio mmoja, kote nikatoa udhuru wa mafua. Nilimwona mzee mara moja tu, Oktoba, katika duka moja la vyakula vya kwetu. Nilikuwa kwenye unga, yeye akatokea upande wa majani ya chai. Hapakuwa na pa kukimbilia.

"Shikamoo, mzee."

Wakenya hawana sana desturi ya shikamoo, na siku zote nilipomwamkia hivyo alinicheka akisema ninamzeesha. Siku hiyo aliitikia.

"Marahaba. Kazi?"

"Nzuri."

"Mlango?"

"Upo."

"Haya," akasema tena, akachukua unga wake.

Ningeweza kusema pale pale. Tulikuwa peke yetu, na kwa Kiswahili lisingechukua maneno hata manne. Badala yake nilisoma maelezo ya nyuma ya pakiti ya unga hadi alipokwisha kulipa na kutoka. Nayajua mpaka leo. Yameandikwa vibaya.

Januari rafiki yangu wa tangu chuo, mfamasia anayeishi Sugar Land, kando ya Houston, alinialika nimtembelee wikendi ndefu. Nilimwendea kwa furaha, na ni kweli nilikuwa na hamu naye, lakini nilikuwa pia nimeangalia ratiba ya ligi. Jumamosi mchana nilimwambia nakwenda kununua kanga kwa mama mmoja anayeziuza Alief. Nikaenda kwenye uwanja wa barafu, kuwatazama vijana wetu wakicheza ugenini. Ndiyo, nilimdanganya rafiki yangu ili niende kutazama barafu. Nilikuwa nimeshazoea.

Sikuwa na kioo cha kukaa nyuma yake, hivyo niliketi na wazazi wa Houston, juu kwenye vyuma. Baridi ya vyuma ile ni ya aina yake. Mwanamke wa pembeni yangu, mrefu, mwenye kengele ya kushangilia mkononi, alinitazama nikitetemeka, kisha bila kuuliza akanitupia nusu ya blanketi lake miguuni. Aliniambia mwanawe ndiye golikipa. Nikasema hongera. Aliniuliza mimi ni mama wa nani, nikamwambia sina mtoto hapo, napenda tu mchezo. Alinihurumia waziwazi, na hakukosea.

Mchezaji mmoja alipotolewa kwenda kizimbani, akacheka kidogo.

"Hapa angalau tuna saa inayokwenda," akasema. "Mwaka jana kule Dallas kulikuwa na mzee wa saa, maskini. Macho yalikuwa yamemwisha. Alimtoa mtu wao sekunde nne kabla, akamfunga mwanangu. Tukakosa mchujo. Mwanangu alilia njia nzima kurudi, ana miaka kumi na nane, analia kama mtoto."

"Pole," nikasema, kwa Kiswahili, kabla sijajizuia. Alidhani nimepiga chafya.

"Nilimwambia amsamehe. Nikamwambia, yule ni mtu mzima, huenda hata mwenyewe hajui alichofanya. Tunamwombea. Ulikuwepo siku ile?"

"Hapana," nikasema.

Alinivutia blanketi vizuri juu ya magoti.

Sijui kwa nini hilo ndilo lililonivunja. Hasira yake ningeivumilia. Ningevumilia hata angemtukana. Lakini kule Houston palikuwa na familia isiyomfahamu, iliyokuwa ikimwombea mzee wangu kwa upofu asiokuwa nao, na ingeendelea kumwombea, na kila mara mtoto wao akiusimulia mkasa ule, mzee angekuwa kipofu zaidi. Yule ambaye alinisikia nikikiomba kiti msamaha katikati ya watu sitini. Niliondoka kabla ya kipindi cha tatu. Kwa rafiki yangu nilifika bila kanga, na alipouliza nikasema rangi hazikunipendeza.

Jumapili niliendesha gari kurudi, mwendo wa saa nne barabarani, na njia nzima niliandika barua kichwani. Nyumbani nikaiandika kweli. Mtu anayeandika kwa kujitafutia sifa asiachwe peke yake na jambo la kuungama. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili. Ilieleza maana ya hodi katika nyumba za kwetu, ikamtaja mama yangu na wale samaki. Ilikuwa nzuri sana. Niliisoma kwa sauti, nikagundua kwamba kosa ndani yake limekuwa sifa yangu. Nikaifuta. Ya pili iliomba radhi mara sita. Ya tatu niliyompelekea msimamizi ilisema: niliufungua mlango sekunde nne kabla, niliziona, mtunza saa hakukosea chochote, naomba aambiwe hivyo na watu wote walioambiwa vingine.

Kisha nikampigia mzee. Simu iliita hadi ikachoka. Nikamwandikia maneno yale yale, kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili yalikuwa mafupi zaidi. Niliona kwamba ameyasoma. Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Ofisini niliandika maelekezo ya pampu, nikaweka hatua ya tano kabla ya ya nne, bosi wangu akanirudishia kwa upole. Msimamizi alijibu mstari mmoja: amepokea, ananishukuru, atazungumza na wahusika. Sikujua kama Ijumaa niende au nisiende. Nilifua koti langu la uwanjani, nikalitundika mlangoni, nikaliondoa, nikalitundika tena.

Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, nikiwa kwenye gari pale nje ya ofisi na kontena la wali mapajani, simu ililia. Alikuwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unakula?"

"Nakula."

"Kula. Mimi nitaongea." Nilimsikia akivuta kiti. "Wamenipigia jana. Msimamizi mwenyewe. Ameomba msamaha sana mpaka nikamwambia inatosha. Amewaandikia watu wa Houston pia. Kwa hivyo hiyo maneno ya macho imeisha."

"Nashukuru, mzee. Mimi..."

"Ngoja. Mimi nilijua siku ileile. Si nilikuwa naangalia saa? Ndiyo kazi yangu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Niseme huyu mama anadanganya? Mimi ndiye nilikuleta pale. Ningekushtaki mbele ya refa, mbele ya hao watoto? Nilikuuliza kwa gari. Vile ulisema sifuri, nikajua umechagua."

Wali ulikuwa umeganda kwenye kijiko. Sikuwa na la kujitetea, na kwa mara ya kwanza sikulitafuta.

"Nisamehe, mzee."

"Nimesamehe. Sijakupigia juu ya hiyo." Akakohoa. "Wamesema nirudi kesho. Nimekubali, narudi. Lakini nimewaambia na wewe sitaweza. Nikihesabu, sitajua kama unanisikia. Unaelewa? Si hasira. Nimeona ni adabu nikwambie mimi mwenyewe, usije ukaambiwa na Mzungu kwa barua."

"Nimeelewa."

"Sawa basi."

Hakukata. Nami sikukata. Nje, wafanyakazi wenzangu walikuwa wakirudi kutoka kula, wawili wawili, wakicheka jambo fulani.

"Na mlango nani atafungua?" nikauliza.

"Kuna mama mmoja Mrundi, anafanya kazi ya usafi hotelini. Watoto wake wameolewa wote. Nilikutana naye kanisani wiki iliyopita, amekaa tu mwenyewe huko nyuma. Hajui chochote kuhusu barafu, lakini Kiswahili anasikia."

"Mwambie avae soksi mbili," nikasema. "Baridi inapandia miguuni."

"Nitamwambia," akasema mzee, akakata simu.